Mboga Iliyolala

Chungu cha mgagani cha bibi hakikukosa alama za vidole. Kila asubuhi alipokifunua, juu ya utando wa maziwa alikuta michirizi mitatu minne, kama ya mtu aliyeburuta kidole kutoka ukingoni hadi katikati kisha akakimbia. Alitupanga mlangoni, wajukuu watano, akatunusa mikono mmoja mmoja. Mgagani haufichiki; harufu yake hukaa kwenye kucha hata ukasugua kwa mchanga. Sikumbuki siku aliyomchapa mtu kwa kosa hilo. Alitutazama, akafunika chungu chake, akaenda zizini, na huko tukamsikia anacheka peke yake.

Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Butiama. Nyumbani kwa mama, hatua mia mbili kutoka pale, watoto walewale watano tulizunguka bakuli moja la mchicha, na kila mmoja akawa anausukumia upande wa mwenzake. Ugali ukaisha, mchicha ukabaki. Mama akakasirika, akatutishia kwamba kesho hatapika kabisa, na kesho yake akapika mchicha uleule kwa namna ileile.

Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi, nimepikia familia, wageni na wanafunzi, na swali lililonifuata katika majiko yote hayo ni lile la utotoni. Ndimi ni zilezile, majani ni majani. Kwa nini chungu kimoja tukiibie na bakuli jingine tulikimbie?

Kwa Kiswahili chetu cha huku Mara, mboga ni chochote cha kutowelea ugali. Ukiingia nyumba ya mtu ukauliza, “Mboga nini leo?” unaweza kujibiwa sato, nyama, maharage, hata maziwa mgando. Lakini sikiliza sauti inavyoshuka siku ambayo jibu ni majani. “Mboga za majani tu.” Hiyo “tu” nimeisikia Butiama, nimeisikia Bunda, na sasa naisikia Musoma mjini kutoka kwa wakwe na majirani wanaonikaribisha mezani huku wakiomba radhi. Hakuna anayesema “sato tu”. Hakuna anayesema “kuku tu”. Mtoto wa miaka minne anaijua hiyo “tu” kabla hajaonja chochote, na akishaijua, sahani imeshapoteza kesi.

Nyumbani kwetu ilianza na njaa. Mwaka 1974 mvua zilikuwa zimetutupa mkono, kama zilivyoitupa sehemu kubwa ya nchi, na serikali ikaleta mahindi kutoka nje. Tulikula ule unga wa njano tuliouita yanga. Ng’ombe walikonda, maziwa yakakatika, dagaa wakapanda bei, na kilichobaki ni majani. Tulichuma vichakani mpaka yale ambayo mwaka wa neema hutupiwa mbuzi. Tuliyachemsha kwa maji, mara nyingine bila hata chumvi. Watu wazima wa kijiji kile, hata leo, ukimwekea mmoja wao mboga iliyochemshwa bila kuungwa, anaiona 1974 imekaa kwenye sahani yake. Simlaumu. Tumbo lina kumbukumbu ndefu kuliko kichwa.

Mwaka uliofuata, 1975, ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Miaka miwili nyuma tulikuwa tumepitia Mtu ni Afya, ile ya kuchimba vyoo na kuchemsha maji ya kunywa, iliyokusanya watu takriban milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio. Hii ya pili ilikuwa ya lishe. Mama alikuwa mwanakikundi hodari. Alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na kitabu cha kampeni kilikuwa kimoja kati ya vitabu vya kwanza alivyomiliki maishani mwake; alikifunga kwa kipande cha kanga asikichafue. Walikaa chini ya mti, redio juu ya kigoda, wakasikiliza Redio Tanzania, kisha wakajadiliana. Alirudi nyumbani na makundi matatu ya vyakula kichwani: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Mboga za majani zilikuwa askari wa kulinda mwili. Kuanzia siku ile, majani yakawa kila siku.

Na redio ilikuwa sahihi. Hilo nalisema kwa heshima yote kwa mama yangu na kwa walioiandaa kampeni ile. Ila mama aliyachukua mafunzo ya 1973 akayatia kwenye sufuria ya 1975. Kama maji ya kunywa huchemshwa hadi yatokote sawasawa ili kuua vijidudu, basi na mchicha nao uchemke hadi usibaki na ubishi. Aliutia kwenye maji mengi, akauacha motoni hadi ugali uive, akamwaga maji ya kijani nyuma ya nyumba, akatuwekea kilichobaki. Rangi yake ilikuwa ya nguo ya mgambo iliyofuliwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya vitamini C ilikuwa imekwenda na yale maji, ikanywewa na mgomba. Mgomba ule, kwa kweli, ulistawi.

Mchicha ule tuliula kama tulivyokunywa klorokwini: pumzi ukibana, macho ukifumba, maji karibu.

Shuleni nako mboga ilitupokea kwa sura nyingine. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa ndiyo siasa ya shule tangu 1967, na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa mjini kwetu kabisa, likakazia kwamba shule ziwe pia mahali pa kazi na uzalishaji. Wazo lenyewe nalipenda mpaka leo. Mtoto aliyepanda mbegu akaiona inachipua ana uhusiano na chakula ambao hakuna kitabu kinachoweza kuutoa. Ila katika shule niliyosoma, bustani ndiyo ilikuwa adhabu. Waliochelewa, bustanini. Waliopiga kelele, bustanini. Aliyekosa hesabu alibeba ndoo nne za maji kutoka mtoni kumwagilia kabichi. Kisha Ijumaa tukagawiwa kabichi hizo tupeleke nyumbani, na kila aliyebeba alijua ni kosa la nani lililoinenepesha. Sekondari ya bweni ndiyo ilimalizia kazi: miaka minne ya kabichi iliyotiwa kwenye pipa saa tatu asubuhi na kupakuliwa saa saba mchana. Nikaapa kwamba nikishakuwa na jiko langu, kabichi haitavuka mlango.

Wakati wote huo chungu cha bibi kilikuwa kinaendelea kulala na kuamka. Nikiwa likizoni, nikiwa na umri wa kutosha kutumwa badala ya kufukuzwa, ndipo nilianza kumtazama anavyofanya.

Kwanza, alichagua. Mgagani wake hakuuchuma popote. Alikwenda mahali palipokuwa na zizi zamani, penye samadi iliyokwisha kuwa udongo. Huko mgagani huota wenyewe mvua za kwanza zikinyesha, mnene, majani yake matano yamefumbuka kama kiganja. Alichuma kabla haujatoa maua. Ukishatoa maua, alisema, mgagani unawaza watoto wake, haukuwazi wewe. Majani yanakuwa makavu na uchungu unazidi. Alichambua kwa vidole, jani kwa jani, akavua na ngozi ya vikonyo vilivyokomaa. Aliosha kabla ya kukata. Hapo mama na bibi walitofautiana, na sayansi niliyokuja kusoma baadaye chuoni ilimpa bibi ushindi: ukikata kwanza ndipo uoshe, unauosha na utamu wake na vitamini zake.

Maji alitia kidogo, ya kufunika tako la chungu. Yalipochemka alitia majani konzi kwa konzi, akingoja konzi la kwanza linywee ndipo atie la pili. Akafunika. Akageuza mara moja. Halafu, na hapa nilikuwa nasogea karibu, alimimina maziwa ya asubuhi ile, siyo mengi, kiasi cha mboga kukaa ndani yake kama kiboko mtoni, mgongo tu ukionekana. Alivuta kuni nje zikabaki makaa. Chungu kikawa kinapumua polepole. Kila mara alipopita aliongeza maziwa kidogo, kikombe hiki, kikombe kile, mpaka giza likaingia. Akatia chumvi mwisho. Akafunika kwa jani la mgomba na kifuniko cha udongo juu yake, akakiacha kando ya majivu ya moto kilale.

Asubuhi ulikuwa mgagani mwingine. Uchungu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umetulia, umekaa chini ya utamu wa maziwa. Juu palikuwa na ule utando tuliouibia. Majirani zetu Wajaluo wa Rorya, ambao mgagani huuita akeyo au dek, hufanya vivyo hivyo na wengine huupa siku mbili tatu, wakiongeza maziwa kila siku. Wakurya na Wazanaki wana njia zao, na kila nyumba ina magomvi yake juu ya kipimo. Ila wote wamekubaliana na bibi katika jambo moja ambalo mama hakulisikia redioni: majani yanahitaji mtu wa kukaa nayo. Bibi alitumia mchana mzima na chungu kile. Mama alikipa kile cha kwake muda ule ambao ugali ungechukua hata hivyo.

Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Bunda mwaka 1985. Bunda ile ilikuwa mji wa barabara, malori ya pamba, mabasi ya Mwanza na Musoma, vumbi, na upande wa mashariki nyanda zinazoshuka kuelekea Serengeti. Ilikuwa miaka ya uhaba. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, na mafuta ya kula, yakija, ya foleni iliyoanza alfajiri. Mimi mwenyewe, mwalimu wa mapishi, nilikuwa napika mboga chukuchuku wiki nzima na kuiunga Jumapili.

Darasa la pili lilikuwa na binti mmoja mpole, mwandiko wake mzuri. Jioni moja nilimkuta kisimani na dada yake. Jua lilikuwa limezama muda si mrefu, mimi nikiwa bado naona njia, mawe, mbuzi wanaorudi. Yeye alikuwa ameshika gauni la dada yake kwa mikono miwili na anapapasa kwa mguu kila hatua. Nikadhani anacheza. Dada yake akaniambia bila kushtuka, “Shikamoo mwalimu. Huyu jioni haoni.”

Nilimpeleka kituo cha afya kesho yake. Tabibu alimtazama macho, akampa kapsuli ya vitamini A, kisha akaniuliza nyumbani kwao wanakula nini. Nilishaulizia. Ugali na mchicha, nikasema, kila siku. Mama yake analima bustani nzuri sana. Nilisema hivyo kwa kujiamini, kwa sababu mchicha ndio tuliofundishwa kwamba hutibu macho. Yule bwana akaweka kalamu chini akasema, “Mwalimu, mboga anayo. Mafuta hana.”

Nilikuwa nimesoma jambo hilo chuoni na kulijibia mtihani. Kiini cha vitamini A kilicho ndani ya majani huyeyuka katika mafuta, na mwili usipopata mafuta pamoja na majani, sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Nilipata alama zote kwa jibu hilo. Halafu nikaja Bunda, nikaona mtoto aliyekuwa akila bustani nzima huku anapoteza macho ya jioni, na sikuunganisha. Niliona aibu ambayo haijaisha.

Ndipo nikaanza kulisikiliza neno kuunga. Tunalitumia kila siku jikoni na hatulisikii. Mboga huungwa kwa karanga, kwa nazi, kwa maziwa, kwa samli, kwa mafuta na kitunguu na nyanya. Kuunga ni kutia kitu cha kuifanya mboga ishikane na kitu kingine: na ulimi, kwa utamu, na mwili, kwa yale mafuta. Bibi alikuwa anaunga kwa maziwa yasiyoenguliwa krimu. Hakujua lolote juu ya vitamini. Alijua kwamba bila maziwa watoto hawataiba.

Maziwa Bunda yalikuwa ya kununua, mafuta ya foleni. Zilizokuwepo ni karanga. Jirani yangu, mama mmoja Mjita aliyenizidi kama miaka thelathini, aliniita jikoni kwake Jumamosi moja akanipa mwiko na kunikataza kusema. Karanga kikombe kimoja, alizikaanga kwa moto mdogo kwenye kikaango kikavu, akizigeuza bila kupumzika, mpaka ganda jekundu likaanza kupasuka lenyewe. Zikiungua hata tano, alisema baadaye, chungu kizima kinakuwa kichungu. Akazimimina kwenye ungo zipoe, akazifikicha kwa viganja, akapepeta, maganda yakaruka mlangoni. Kinuni hakuzitwanga hadi zitoe mafuta; aliishia zikiwa unga wenye chengachenga. Akaukoroga unga ule na maji ya vuguvugu ukawa uji mzito. Kando, nyanya mbili na kitunguu vilikuwa vimepondeka vyenyewe kwenye sufuria bila mafuta, kwa maji ya nyanya. Akatia uji wa karanga, na hapo akaupokea mwiko kwangu, kwa maana ndipo wengi huharibu: karanga hushika chini ukigeuka kumjibu mtu mlangoni. Akakoroga, akakoroga, mpaka uji ukabadilika rangi, na juu yake yakaanza kuonekana matone madogo ya mafuta yanayong’aa. Akayaonyesha kwa kidole. Ndipo akatia mchicha, uliooshwa, uliokatwa, mbichi, akageuza mara mbili tatu, akafunika kwa muda wa kuosha sahani, akaepua. Ulikuwa bado wa kijani.

Nilimpikia yule binti na dada yake nyumbani kwangu, kisha nikaenda kwa mama yao na kinu changu. Kapsuli ndiyo iliyomrudishia macho, sitaki kuipa karanga sifa isiyo yake. Ila karanga ndiyo iliyokuwa kazi yetu baada ya hapo.

Siku ya wazazi nilipika sufuria mbili hadharani, mchicha wa bustani moja, uliochumwa saa moja. Moja chukuchuku, moja ya karanga. Nilidhani nitashinda kwa ushahidi, na kweli ya karanga ilifutwa kwa matonge hadi sufuria ikabaki kavu. Lakini mzazi mmoja wa nyuma alisimama akaniambia kwa adabu, “Mwalimu, karanga hizo ndizo tunazouza tupate daftari za hao watoto.” Wengine wakaitikia. Nilikuwa nimewafundisha kula madaftari ya watoto wao.

Ni mzazi huyohuyo aliyesema kwamba kwao hutia dagaa. Tukakaa pale, mimi nikiwa mwanafunzi. Konzi moja la karanga, siyo kikombe, likichanganywa na konzi la dagaa wakavu wa ziwani waliokaangwa bila mafuta na kutwangwa. Dagaa wana mafuta yao kidogo, wana chumvi ya ladha ambayo majani hayana, na hukuza ladha ya mboga bila kujionyesha. Sharti wawe wale waliokaushwa kwenye chanja; waliokaushwa chini huja na mchanga, na mtoto akitafuna mchanga mara moja, mboga hiyo hatairudia. Wengine wakaleta hekima ya kuchanganya: mgagani mchungu upikwe na majani ya kunde au mchicha, mnavu upate mwenzake mpole, mlenda upikwe na kunde upunguze kuteleza. Magadi, walipoyataja, niliyakataa, na ninayakataa bado isipokuwa chembe, kwa sababu hulainisha haraka lakini huua vitamini C na B1. Baadhi walinisikiliza. Bibi yangu mwenyewe hakunisikiliza kwa mlenda wake mpaka alipofariki.

Kuna majira ambayo hatukuwa na cha kuunga kwa sababu hatukuwa na mboga. Vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi vinajua tembo kwa namna ambayo watalii hawaijui. Mwaka mmoja bustani ya wanafunzi wangu, matuta kumi na mawili ya mchicha na nyanya, ilikanyagwa na kuliwa usiku mmoja. Asubuhi watoto walisimama ukingoni wakipima nyayo kwa miguu yao. Baada ya hapo tulipanda kwenye magunia karibu na milango ya madarasa. Na nikafuta adhabu ya bustani katika zamu zangu. Kumwagilia likawa jambo la wanaofanya vizuri, zamu ya heshima, na mwagiliaji ndiye alikuwa wa kwanza kuonja siku ya mapishi. Sikuhitaji kuwahubiria.

Nazi nilifundishwa na mke wa mfanyakazi mmoja wa serikali aliyehamishwa kutoka Tanga. Matembele ya nazi, tui la pili kwanza, tui zito mwisho, bila kufunika. Alinisikitikia sana kwa kuishi mbali na minazi, na mimi nikamwonyesha mgagani wa maziwa. Alikubali kijiko kimoja kwa hisani, cha pili kwa udadisi. Cha tatu alijipakulia.

Nilistaafu mwaka 2023 nikahamia Musoma, nyumba ndogo ambayo upepo wa ziwa unaifikia jioni. Sokoni Nyasho naweza kupata karibu kila jani nililowahi kupika, na hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Mama wa Rorya anapanga mafungu ya osuga, ambao ni mnavu wetu, na apoth, ambao ni mlenda. Wa Bunda analeta majani ya kunde. Vijana wanauza chainizi na figiri. Yale yaliyokuwa magugu ya zizini sasa yana wataalamu: kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, World Vegetable Center, kina ofisi Arusha tangu 1992, na mgagani, mnavu, mchicha na nyanya chungu ni miongoni mwa mazao wanayoyatunzia mbegu na kuyaboresha. Bibi angetaka kujua kama wanaweka samadi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kwa siku. Niliwahi kuzipima mezani kwangu na nikaona kwamba mchicha unavyonywea motoni, ile miiko miwili ya kando ya ugali tunayoiita mboga haifiki hata nusu. Kwa hiyo siku hizi naandaa mbili: moja ya kupikwa, moja mbichi. Hiyo ya pili nilifundishwa na mjukuu wangu.

Alikuja likizo ya Desemba kutoka Mwanza, miaka saba, na tangazo kwamba yeye hali majani. Kabichi hali. Mchicha hali. Anakula chipsi. Sikubishana. Nikampeleka kwa muuza chipsi wa karibu na stendi, nikakaa naye kwenye benchi, nikamtazama. Kijana yule alikata kitunguu, nyanya, na kabichi nyembamba kama nyuzi, akakamulia ndimu, akanyunyiza chumvi, akaweka kilima kando ya chipsi. Mjukuu wangu, asiyekula kabichi, alianza na kabichi. Aliimaliza. Akaomba nyingine.

“Hiyo ni nini, baba?” nikamuuliza.

“Kachumbari, bibi.”

“Na ndani yake kuna nini?”

Akatazama sahani muda mrefu. “Kuna kachumbari.”

Alikuwa sahihi. Kilichompendeza kilikuwa kule kutafuna, ule mlio wa meno, na uchachu wa ndimu uliokata mafuta ya chipsi. Kabichi ya pipa la bweni letu haikuwa na mlio wowote. Tangu siku ile hata kabichi ya kupika naikata vilevile, naipitisha motoni kwa dakika tatu na karoti na hoho, sifuniki, naepua ikiwa bado ina ubishi wake. Na kwenye mchicha wa karanga nakamulia ndimu nikishaepua. Ndimu husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye majani, nayo ladha huamka. Nyanya chungu nazipasua nne na kuzikaanga upande mmoja hadi zipate kovu la rangi. Mjukuu anaziita nyama. Sijamkatalia wala sijamkubalia.

Mgagani niliuchelewesha makusudi. Nilingoja mvua ya vuli inyeshe sawasawa, jirani wa Bweri mwenye ng’ombe anihifadhie lita mbili za maziwa, na mtoto awe ameshanizoea. Tulichambua pamoja barazani. Alilalamika kwamba vidole vinanata na vinanuka, nikamwambia avinuse vizuri kwa sababu vitamletea kesi. Nikautia chunguni, konzi kwa konzi, yeye akihesabu. Maziwa alimimina mwenyewe, kikombe kidogo, kila nilipomwita kutoka kwenye mchezo, mara nne au tano mpaka jioni. Alionja kwa ncha ya kijiko akakunja uso. Mkwe wangu aliyekuja kumchukua aliuliza kwa nini siweki kwenye friji. Nikamwambia huu unalala jikoni, na asubuhi utachemka tena.

Niliamka saa kumi na mbili kabla yao. Mwanga wa ziwa ulikuwa umeanza kuingia dirishani. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande, jani la mgomba limekunjwa ncha moja, na kwenye utando mweupe, kutoka ukingoni hadi katikati, palikuwa na mchirizi mmoja mwembamba.

Nikafunika. Nikawasha moto.